Blagoje Vidinić: Mlinda lango wa Yugoslavia aliyeifikisha Zaire Kombe la Dunia akaandamwa na mabao tisa

Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu ukateremka kuelekea Tanganyika, na katika sehemu yake ya juu ndio mpaka kati ya Rwanda na Kongo. Upande mmoja uko Kamembe, kitovu cha wilaya ya Rusizi, ambayo wazee bado huiita kwa jina la zamani, Cyangugu. Upande wa pili uko Bukavu. Wilaya hii ina klabu yake, Espoir FC, na uwanja wake wa Kamarampaka. Hata hivyo, mwaka 1974 soka kubwa kuliko zote katika ukanda huu lilikuwa ng'ambo ya daraja. Shirikisho la soka la Rwanda lilikuwa na umri wa miaka miwili tu na lilikuwa halijajiunga na FIFA. Majirani zao wa Zaire, wakati huohuo, walikuwa wamefuzu kucheza Kombe la Dunia.

Aliyewafikisha huko alikuwa mgeni kutoka Yugoslavia, mlinda lango wa zamani aliyeitwa Blagoje Vidinić. Jina lake lingali likitajwa kila yanapozungumzwa mabao tisa ambayo Zaire ilifungwa na nchi aliyozaliwa kocha huyo. Wapo wanaomkumbuka kama mjenzi wa timu bora kuliko zote katika historia ya Kongo, na wapo wasioacha kuuliza iwapo aliisaliti timu hiyo siku ile.

Kutoka Skopje hadi Belgrade

Vidinić alizaliwa tarehe 11 Juni 1934 mjini Skopje, ambao leo ni mji mkuu wa Macedonia Kaskazini. Alianza soka katika klabu ya Vardar ya mji huohuo, kisha akahamia Belgrade, mji mkuu wa Yugoslavia na wa Serbia ya leo. Huko alizichezea Radnički, Partizan na OFK Beograd.

Katika timu ya taifa alipata mafanikio ambayo walinda lango wachache wa kizazi chake waliyafikia. Alikuwamo katika kikosi kilichotwaa medali ya fedha ya Olimpiki mjini Melbourne mwaka 1956, na katika kile kilichotwaa dhahabu mjini Roma mwaka 1960. Mwaka huohuo wa 1960, tarehe 10 Julai, alisimama langoni mjini Paris katika fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la Mataifa ya Ulaya. Upande wa pili alikuwapo Lev Yashin wa Umoja wa Kisovieti. Yugoslavia ilitangulia kufunga, ikasawazishiwa, na hatimaye ikalazwa mabao 2-1 katika muda wa nyongeza.

Baada ya Belgrade alicheza Uswisi katika klabu ya Sion, kisha akavuka bahari kwenda Marekani, ambako ligi ya kulipwa ilikuwa ndiyo kwanza inaanzishwa. Alipokuwa akikaribia umri wa kustaafu, aligeukia ukocha, na Afrika ikamfungulia mlango.

Pointi ya kwanza ya Afrika

Kibarua chake cha kwanza kikubwa kilikuwa Morocco. Tangu Misri ilipocheza mwaka 1934, hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imeonekana tena katika fainali za Kombe la Dunia. Mwaka 1966 bara zima lilisusia mashindano hayo kwa sababu halikutengewa nafasi yake lenyewe. Nafasi hiyo ilipopatikana kwa fainali za mwaka 1970 nchini Mexico, Morocco ndiyo iliyoitwaa.

Katika mchezo wa kwanza Waafrika hao waliwashtua Wajerumani Magharibi kwa kutangulia kufunga, kabla ya kupoteza kwa mabao 2-1. Peru ikawafunga 3-0. Tarehe 11 Juni, siku Vidinić alipotimiza miaka 36, Morocco ikatoka sare ya 1-1 na Bulgaria mjini León. Hiyo ilikuwa pointi ya kwanza kwa nchi ya Afrika katika historia ya Kombe la Dunia.

Chui wa Mobutu

Zaire ilimwajiri muda mfupi baadaye. Rais Mobutu Sese Seko alikuwa amekwisha kuona nguvu ya soka katika kuitangaza nchi. Tangu miaka ya sitini serikali yake ilikuwa imewarudisha nyumbani wachezaji waliokuwa wakicheza Ubelgiji na kuwazuia wengine kwenda nje. Kwa hiyo timu aliyokabidhiwa Vidinić iliundwa na wachezaji wa klabu za ndani peke yake. Klabu hizo hazikuwa dhaifu: TP Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni TP Mazembe, ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, na Vita Club ya Kinshasa ikatwaa taji hilo mwaka 1973.

Katika mbio za kufuzu, Zaire iliipiku Ghana, kisha ikakutana na Zambia na Morocco katika hatua ya mwisho. Mwezi Desemba 1973, mjini Kinshasa, Chui waliifunga Morocco mabao 3-0. Vidinić alikuwa ameifungia mlango timu aliyoiongoza mwenyewe Mexico miaka mitatu iliyotangulia. Zaire ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kufuzu Kombe la Dunia.

Mwezi Machi 1974, nchini Misri, timu hiyo ilithibitisha ubora wake katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Ilikuwa nyuma kwa mabao mawili dhidi ya wenyeji katika nusu fainali, ikapindua matokeo na kushinda 3-2. Fainali dhidi ya Zambia iliisha kwa sare ya 2-2, ikarudiwa siku mbili baadaye, na Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire katika michezo hiyo miwili yalifungwa na Ndaye Mulamba, aliyemaliza mashindano na mabao tisa, rekodi ambayo haikufikiwa na mchezaji mwingine kwa miongo mingi iliyofuata. Mashujaa hao walizawadiwa nyumba na magari.

Jioni ya Gelsenkirchen

Miezi mitatu baadaye, tarehe 14 Juni 1974, Zaire ilicheza na Scotland mjini Dortmund ikafungwa 2-0. Matokeo hayo hayakuwa aibu kwa timu iliyokuwa ikishiriki kwa mara ya kwanza. Lakini baada ya mchezo huo wachezaji walibaini kwamba malipo waliyoahidiwa hayakuwapo. Mwepu Ilunga, mmoja wa walinzi wa timu, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba fedha ziliishia mikononi mwa viongozi waliofuatana nao, na kwamba wachezaji waligoma kucheza mchezo wa pili kabla ya kushawishiwa kuingia uwanjani.

Mpinzani wa mchezo huo, uliochezwa tarehe 18 Juni mjini Gelsenkirchen, alikuwa Yugoslavia.

Kufikia dakika ya 20 hivi, Zaire ilikuwa imekwisha kufungwa mabao matatu. Hapo ndipo lilipotokea jambo lililozua maswali yasiyokwisha. Mlinda lango Kazadi Mwamba, nguzo ya timu hiyo, aliondolewa akaingizwa Tubilandu Ndimbi, aliyekuwa mfupi wa kimo. Punde bao la nne likaingia. Katika vurugu zilizofuata mwamuzi alipigwa teke, akamtoa kwa kadi nyekundu Ndaye Mulamba, ambaye hakuwa mkosaji. Mwepu mwenyewe alikiri baadaye kwamba ni yeye aliyepiga teke hilo. Kufikia mapumziko ilikuwa 6-0, na filimbi ya mwisho ikapulizwa kwa 9-0.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na katika Zaire lilisemwa kwa sauti: kocha ameiuza timu kwa ndugu zake. Jedwali la kundi lilizidisha tuhuma hizo. Yugoslavia, Brazil na Scotland zilimaliza zikiwa na pointi nne kila moja, hazikuwa zimeshindana zenyewe kwa zenyewe, na nafasi zikaamuliwa kwa tofauti ya mabao. Yugoslavia ikaongoza kundi, na Scotland ikarudi nyumbani bila kufungwa hata mchezo mmoja.

Vidinić alikana usaliti. Kwa maelezo yake, agizo la kumbadilisha mlinda lango lilitoka kwa ofisa wa wizara ya michezo, naye akatii. Utetezi huo haumsafishi kabisa, kwa sababu kocha anayemwachia ofisa wa serikali ampangie mlinda lango amekwisha kuiachia timu yake. Hata hivyo, mambo mawili yanaipunguzia nguvu hoja ya usaliti. Kwanza, timu iliyoingia uwanjani siku hiyo ilikuwa imevunjika moyo kwa sababu ya fedha zake, na kocha hakuwa mlipaji. Pili, mabao matatu yalikuwa yamekwisha kuingia Kazadi akiwa bado langoni.

Katika mchezo wa tatu Kazadi alirudi. Kwa mujibu wa Mwepu, walinzi wa Mobutu waliwatishia wachezaji kwamba wakifungwa na Brazil kwa zaidi ya mabao matatu wasitarajie kurudi nyumbani salama. Zaire ilifungwa matatu kamili. Katika mchezo huo Mwepu alichomoka ukutani akaubutua mbali mpira wa adhabu uliokuwa wa Brazil. Watu ulimwenguni walicheka, wakidhani Waafrika hawajui sheria, ilhali mwenyewe alieleza kwamba alifanya hivyo makusudi, kwa hasira na ili kupoteza muda.

Baada ya kishindo

Mobutu aliipa timu kisogo. Mwezi Oktoba mwaka huohuo macho ya dunia yalielekezwa Kinshasa kwa pambano la ndondi kati ya Muhammad Ali na George Foreman, na wachezaji wa soka wakasahauliwa. Baadhi yao walizeeka katika ufukara. Nusu karne nzima ilipita bila nchi hiyo kuonekana tena katika fainali za Kombe la Dunia.

Vidinić aliondoka, na kati ya mwaka 1976 na 1979 aliifundisha Colombia. Baadaye aliishi Strasbourg nchini Ufaransa, akiwa na uhusiano wa kikazi na kampuni ya Adidas. Aliwasimulia waandishi wa habari kwamba mwaka 1974 mjini Frankfurt, usiku wa kuamkia uchaguzi wa rais wa FIFA, ndiye aliyemdokeza Horst Dassler wa Adidas kuwa João Havelange wa Brazil angeshinda, kwa kuwa aliijua mioyo ya wajumbe wa Afrika. Havelange alishinda tarehe 11 Juni, siku Vidinić alipotimiza miaka 40. Urafiki wa Dassler na Havelange ulikuja kuleta fedha nyingi za biashara katika soka la dunia.

Vidinić alifariki dunia mjini Strasbourg tarehe 24 Desemba 2006, akiwa na umri wa miaka 72. Njia aliyoifungua ilikuwa imekwisha kufuatwa na wengine. Mwaka 2004 Ratomir Dujković, naye mlinda lango wa zamani kutoka Serbia, aliiongoza Rwanda katika Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, na nchini Tunisia Amavubi wakaifunga Kongo 1-0, ushindi wa upande huu wa Rusizi dhidi ya ule wa pili. Miaka michache baada ya kifo cha Vidinić, Mserbia mwingine, Milutin Sredojević, aliifundisha Rwanda kisha Uganda.

Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Vidinić aliyakubali mabao tisa kama sehemu ya maisha yake, lakini hakukubali kuitwa msaliti. Kumbukumbu za soka zimemwandikia pointi ya kwanza ya Afrika katika Kombe la Dunia, taji moja la bara, na safari ya kwanza ya nchi ya kusini mwa Sahara kwenda katika mashindano hayo. Mabao ya Gelsenkirchen yameandikwa papo hapo pembeni, na hayafutiki.