Florence Nightingale: Nesi aliyepigania kitanda, dirisha na usingizi wa mgonjwa

Majira ya baridi ya 1854, askari wa Uingereza waliojeruhiwa vitani walikuwa na ombi moja la ajabu: wasitandikiwe shuka. Shuka zenyewe zilikuwa za turubai gumu, zinakwaruza kama gunia la katani. Mtu mwenye kidonda kibichi aliona afadhali alalie blanketi lake chafu alilotoka nalo vitani.

Mwanamke aliyelichukulia lalamiko hilo kwa uzito aliitwa Florence Nightingale. Wengi wetu tunamjua kwa picha moja tu ya shuleni: dada mpole, taa mkononi, anapita katikati ya vitanda usiku. Picha hiyo si ya uongo, lakini inaficha stori tamu zaidi. Huyu dada alikuwa mtu wa hesabu, mgomvi wa kalamu, na kwa miaka mingi alikuwa mgonjwa mwenyewe. Kama umewahi kusota kwa wodi siku tatu ukijiuliza ni nani alipanga kitanda chako chini ya taa isiyozimwa, ujue yeye aliuliza maswali ya aina hiyo zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Alizaliwa 12 Mei 1820 katika jiji la Florence, Italia, na ndiko jina lake lilikotoka. Familia ilikuwa na doo. Walikuwa na nyumba mbili kubwa mashambani Uingereza, na babake mwenyewe ndiye aliyemfunza lugha, historia na falsafa. Hesabu aliipenda hadi ikawa vita nyumbani, kwa sababu msichana wa tabaka lake alitarajiwa kucheza piano, kuolewa na mtu wa heshima na kukaribisha wageni.

Alipotangaza akiwa na miaka 25 kwamba anataka kujifunza kazi hospitalini, nyumba iliwaka moto. Enzi hizo uuguzi ulikuwa kazi ya mtu aliyekosa kazi nyingine. Mamake alilia, dadake akaugua kwa hasira. Florence hakubishana sana, lakini pia hakukubali. Alimkataa mchumba aliyemsubiri kwa miaka mingi, na mwaka 1851 akaenda Kaiserswerth, Ujerumani, kujifunza uuguzi.

Agosti 1853 alipata kazi yake ya kwanza, kusimamia nyumba ndogo ya kutibu wanawake wagonjwa katika Harley Street, London. Mshahara haukuwepo, aliishi kwa pauni 500 kwa mwaka alizopewa na babake. Hata kabla ya kuanza alikuwa na orodha ya madai. Alitaka maji moto yafike kila ghorofa kwa mabomba. Alitaka lifti ya kupandisha chakula kutoka jikoni, kisifike kwa mgonjwa kikiwa kimepoa na nesi asimalize siku akipanda ngazi. Alitaka pia kengele za wagonjwa zilie nje ya mlango wa nesi, kila moja na kifuniko kinachobaki wazi ikishalia, ili nesi ajue ni nani aliyeita.

Angalia vizuri orodha hiyo. Hakuna dawa hata moja ndani yake. Ni bomba, lifti na kengele.

Mwaka uliofuata kulikuwa na Vita vya Crimea, ambapo Uingereza, Ufaransa na Uturuki zilipigana na Urusi. Magazeti ya London yakaandika jinsi majeruhi walivyokuwa wakiozea hospitalini bila bandeji. Waziri Sidney Herbert, aliyekuwa rafiki yake, akamwomba aongoze kundi la wauguzi. Aliondoka 21 Oktoba 1854 na wanawake 38, na mapema Novemba wakafika Scutari, mtaa ambao leo uko ndani ya jiji la Istanbul.

Hospitali yenyewe ilikuwa kambi ya jeshi la Uturuki iliyogeuzwa. Kwa mbali ilipendeza, jengo kubwa la mraba juu ya mlima. Ndani ilikuwa noma. Vitanda vilipangwa mistari ambayo ukiiunganisha inafika kama maili nne, na kati ya mgonjwa na mwenzake hapakuwa na nafasi ya futi mbili. Panya walitembea mchana. Vyoo vilikuwa vimeziba, na mitaro ya maji taka ilipita chini ya sakafu, uvundo ukirudi juu waliko wagonjwa.

Nightingale alianza na vitu vya kawaida kabisa. Aliagiza brashi 200 za kusugulia sakafu. Alinunua maelfu ya mashati, akakodi nyumba na kuweka mapipa ya kuchemshia maji ya kufulia. Akafungua jiko la chakula laini kwa wale ambao matumbo yao hayangeweza nyama ngumu ya jeshi. Mwaka 1855 mpishi maarufu, Alexis Soyer, alifika kwa gharama yake mwenyewe na kupanga upya majiko. Afisa wa jeshi aliposema hakuna pesa, dada alitoa zilizochangwa na wasomaji wa gazeti, au zake mwenyewe.

Lakini hapa ndipo stori inapouma. Pamoja na shati safi na supu moto, watu walizidi kufa. Februari 1855 vifo vilifika zaidi ya 40 kwa kila wagonjwa 100 waliolazwa. Wengi hawakuuawa na risasi bali na kuhara, kipindupindu na homa walizozipata baada ya kuondoka vitani.

Mwezi Machi serikali ilituma Tume ya Usafi. Wakazibua na kusafisha mitaro, wakatoa mzoga wa farasi uliokuwa umelala katika mfereji wa maji ya hospitali, wakapaka kuta chokaa na kufungua njia za hewa. Kufikia Juni vifo vilikuwa vimeshuka hadi takriban 2 kwa kila 100.

Vita vilipokwisha mwaka 1856 alirudi Uingereza kimyakimya, akikwepa sherehe aliyoandaliwa. Akakaa chini na mtaalamu wa takwimu William Farr kupiga hesabu za waliokufa. Hesabu zikaonyesha kitu ambacho hakukitarajia: ile hospitali aliyoishughulikia usiku na mchana ilikuwa kati ya zilizoua watu wengi zaidi. Alikuwa amewalaumu wakubwa wa jeshi kwa kukawiza chakula na nguo. Kumbe jengo lenyewe lilikuwa likiwamaliza watu, na upole wa nesi peke yake haukutosha.

Mtu mwingine angezificha hizo karatasi. Yeye alizichora. Mwaka 1858 alichapisha mchoro wa duara uliogawanywa kama petali za ua, kila petali ikiwa mwezi mmoja wa vita, rangi zikionyesha waliokufa kwa magonjwa na waliokufa kwa majeraha. Hata mbunge asiyependa hesabu angeelewa kwa dakika moja. Mwaka huohuo akawa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika Chama cha Takwimu cha London.

Kutoka hapo vita vyake vikawa vya ramani za majengo. Serikali ilikuwa ikijenga hospitali kubwa ya jeshi kule Netley, yenye ukumbi mrefu wa kupendeza unaoangalia bahari upande mmoja, na wodi zilizofichwa upande wa nyuma. Alilalamika kwamba jengo limepangwa limfurahishe mpita njia na kumsahau anayelala ndani. Waziri Mkuu Palmerston alikubaliana naye, lakini pesa nyingi zilikuwa zimeshatumika, hivyo ujenzi ukaendelea. Hapo alishindwa.

Hakunyamaza. Mwaka 1859 alitoa kitabu kuhusu hospitali, na hoja yake kuu ni rahisi: kabla ya kumponya mgonjwa, hospitali isimuumize zaidi. Akaeleza wodi anayoitaka. Iwe ndefu na nyembamba, vitanda kama 30, dari ya juu, madirisha pande zote mbili, angalau moja kwa kila vitanda viwili. Vyoo viwe mwisho kabisa, vikitengwa na wodi kwa hewa. Kuta ziwe laini, zisizonyonya uchafu. Nesi akisimama sehemu moja awaone wote. Hospitali ya Herbert kule Woolwich, iliyofunguliwa 1865, na St Thomas kando ya mto Thames, 1871, zilijengwa kwa mtindo huo. Ni katika hospitali hiyo ya St Thomas ndipo shule yake ya uuguzi ilikuwa imeanza mwaka 1860, kwa pesa zilizochangwa na umma.

Kazi nyingi kati ya hizo aliifanya akiwa kitandani. Mwaka 1855 alipata homa kali kule Crimea, na tangu 1857 mwili ulimkataa. Wachunguzi wengi wa siku hizi wanaona dalili zake zinafanana na za brusela, ugonjwa wanaoujua vizuri wanaofuga ng'ombe na kunywa maziwa yasiyochemshwa. Mgongo ulimuuma, moyo ulimwenda mbio, usingizi ulimpotea. Kwa miaka mingi hakutoka chumbani. Mawaziri walikuja kwake, mmoja baada ya mwingine.

Kwa hivyo alipoandika kitabu chake cha uuguzi, kilichotoka mwishoni mwa 1859, aliandika akiwa anajua. Anaeleza jinsi minong'ono ya daktari na jamaa nje ya mlango inavyomtesa mgonjwa kuliko kelele, maana anakaza masikio kusikia kama anakufa. Anakataza kuegemea kitanda cha mgonjwa. Anataka kitanda kiwe chini kiasi cha mtu kushuka bila kurukia, na kiwe karibu na dirisha. Anataka maua na rangi, kwa kuwa mgonjwa anayetazama ukuta uleule wiki nzima huanza kuugua akili pia. Na chakula kisicholiwa kiondolewe, kisikae hapo kikimkera.

Kwetu Magwagwa, kule Nyamira, nilisoma maneno hayo nikamkumbuka nyanya. Amezoea kuamka akiona migomba na mabonde ya majani chai. Alipolazwa, hospitali ambayo sitaitaja, kitanda kilikuwa juu hadi miguu yake inaning'inia. Taa ilimwaka usoni usiku kucha. Kumwita nesi ni kupaza sauti, na nesi mwenyewe alikuwa mmoja kwa wodi nzima, hana hata nafasi ya kukaa. Shangazi aliyemlinda alilala kwenye kiti cha plastiki. Nyanya hakulalamikia dawa hata siku moja. Alisema tu kwamba hapati usingizi, na siku ya tatu akaanza kufunga leso yake tayari kurudi nyumbani kabla hajapona. Tulimbembeleza sana kubaki. Wangapi hubembelezwa na bado huondoka?

Hili si suala la kudekezwa. Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani, Roger Ulrich, alichapisha matokeo ya kulinganisha wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao dirisha lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Walioona miti walikaa hospitalini siku chache zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo. Nyanya pengine angemwambia hivyo bila utafiti.

Afrika Mashariki nayo ilijifunza kwa njia ngumu. Mwaka 1897 Dkt Albert Cook na nesi Katharine Timpson walifika Mengo, Uganda, baada ya kutembea kutoka pwani, wakaanza hospitali ya udongo na nyasi. Kubwa zaidi waliyojenga baadaye ilipigwa radi mwaka 1902 ikateketea. Wakajenga tena, safari hii kwa matofali. Na hadi leo ukiingia katika hospitali nyingi zilizoachwa na mkoloni, utakuta ile wodi ndefu, madirisha huku na huku, dawati la nesi likitazama wote. Ni mkono wa Nightingale huo.

Hakuwa malaika, wasee. Ilimchukua miaka kuukubali utafiti kwamba vijidudu ndivyo huambukiza magonjwa. Mary Seacole, tabibu mweusi kutoka Jamaica, alikataliwa London alipoomba kwenda kuuguza Crimea, akajilipia nauli mwenyewe, na Nightingale katika barua zake za faragha hakumsemea vizuri. Hata wodi yake ina kasoro: nesi anakuona, lakini na wenzako 29 wanakuona ukibadilishwa nguo.

Alizeeka, macho yakapofuka. Mwaka 1907 akawa mwanamke wa kwanza kupewa nishani ya Order of Merit. Alifariki London 13 Agosti 1910, akiwa na miaka 90. Serikali ilikuwa tayari azikwe Westminster Abbey pamoja na wakubwa wa taifa, lakini familia ilikataa. Amelala katika kaburi la familia kijijini East Wellow, na upande wake wa jiwe umeandikwa herufi mbili tu za jina na tarehe.

Siku yake ya kuzaliwa, 12 Mei, ndiyo Siku ya Wauguzi duniani. Huwa tunawapongeza mitandaoni, ni fiti. Lakini tangu 2013 hospitali nyingi za umma Kenya ziko mikononi mwa kaunti, na kila mwaka kaunti huita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti. Vijana wengi hatuendi. Safari ijayo nenda, na wakishamaliza kuhesabu mashine zitakazonunuliwa, uliza kuhusu kengele ya kumwita nesi, urefu wa kitanda, kiti cha anayemlinda mgonjwa, na dirisha linatazama wapi.