Ovide Decroly, munganga aliyetengeneza michezo ya kufundisha watoto

Wenye walisoma pedagogia huku kwetu wanalijua jina la Decroly. Waliliandika kwenye daftari, wakaulizwa juu yake siku ya mtihani. Lakini wazazi wengi wa Kashebere, wenye leo wanatafuta kwenye telefone michezo ya kufundisha watoto wao wadogo, hawajui kama huyo mtu ni mmoja wa wale walioanza kazi hiyo, miaka zaidi ya mia moja imepita, wakati hakukuwa intaneti. Ndiyo maana leo tunawaletea maisha yake.

Ovide Decroly alizaliwa tarehe 23 mwezi wa saba 1871 kule Renaix, mji mdogo wa Ubelgiji. Hakuanza kama mwalimu. Alisomea uganga kwenye chuo kikuu cha Gand, akapata diploma yake 1896, kisha akaongeza masomo Berlin na Paris. Aliporudi Bruxelles, walianza kumuletea watoto wenye shule ilishindwa nao: wengine hawasikii vizuri, wengine wanachelewa kusema, wengine wanachelewa kuelewa.

Mwaka wa 1901 alifungua nyumba ya kuwatunza na kuwafundisha. Nyumba yenyewe ilikuwa kwake. Wale watoto waliishi pamoja na familia yake, na yeye akawa anawaangalia asubuhi mpaka magaribi: namna wanakula, wanacheza, wanakasirika, wanajaribu tena. Hapo njo alitambua kitu ambacho mama yeyote wa huku anakijua. Mtoto mwenye anashindwa kukaa kimya mbele ya tablo, ukimupatia kitu cha kushika na kazi ya kufanya, anaweza kuikazania wakati murefu.

Sasa Decroly akajiuliza: kama njia hii inasaidia watoto wenye matatizo, mbona isisaidie wengine wote? Mwaka wa 1907 akafungua shule ingine Bruxelles, kwenye barabara ya Ermitage, na watoto wachache tu. Mwaka uliofuata, 1908, Kongo ikatoka mikononi mwa mfalme Léopold II na kuwa koloni ya Ubelgiji. Hayo mawazo mapya hayakuvuka bahari haraka. Masomo ya watoto wa Kongo yaliachiwa zaidi misheni.

Kwenye shule ya Decroly, masomo yalipangwa kufuatana na mahitaji manne ya binadamu: kula, kujikinga na baridi na mvua, kujilinda na hatari, na kufanya kazi pamoja na wengine. Mtoto alianza na kuangalia kitu chenyewe, akakilinganisha na vingine, mwishoni akakionyesha kwa kusema, kuchora ao kutengeneza. Kupima kulianza na hatua za miguu na viganja vya mikono, mbele ya kufika kwenye meta. Kusoma kulianza na sentensi nzima yenye mtoto anaielewa. Maneno na silabi vilifuata nyuma.

Mwaka wa 1914, yeye na mwenzake Eugénie Monchamp walitoa kitabu juu ya michezo ya kufundisha. Ilikuwa michezo ya karatasi ngumu, picha, rangi na vitu vya kuhesabu. Mtoto anatafuta picha mbili zenye kufanana, anapanga vitu kufuatana na ukubwa, anaweka sentensi chini ya picha yake. Anaenda na mwendo wake mwenyewe, na mara nyingi anajionea kama amefaulu ao hapana. Michezo mingi ya leo kwenye telefone inafanya vilevile. Kitu kimoja kimebadilika: karatasi imekuwa kioo.

Mwaka ule ule vita ya kwanza ya dunia iliingia Ubelgiji. Decroly alijitoa kusaidia watoto waliobaki yatima. Sisi wa Masisi na Walikale hatuna haja ya kuelezewa maana ya kazi hiyo. Mtoto aliyekimbia masasi anahitaji chakula na mahali pa kulala, lakini anahitaji pia kucheza, ili akili yake irudi.

Kisha vita, tangu 1920, alifundisha elimu ya akili ya watoto kwenye chuo kikuu huru cha Bruxelles. Mwaka wa 1925 alifika mpaka Kolombia kueleza njia yake. Alikufa tarehe 10 mwezi wa tisa 1932, akiwa na miaka 61. Miaka ine nyuma yake, 1936, mawazo yake yaliingia kwenye programu mpya ya shule za msingi za Ubelgiji. Shule yake ingali inafanya kazi mpaka leo kule Uccle.

Kuna jambo lingine lenye linatuhusu sana. Yeye na Julia Degand walijaribu mitihani ya kupima akili iliyotengenezwa Ufaransa na Binet na Simon. Waliona watoto wa familia zenye uwezo wanapita wale wa Paris waliotumiwa kutengeneza ile mitihani, wengi wao wa mitaa ya watu maskini. Kwa hiyo, alama haionyeshi akili tu. Inaonyesha pia mtoto ameishi wapi na ameona nini.

Kwa hiyo mzazi, kama mchezo wa telefone unamuuliza mtoto wako juu ya theluji ao treni ya chini ya udongo na anashindwa, usimuite mujinga. Huo mchezo haukutengenezwa kwa ajili yake. Chagua wenye una vitu anavijua, wenye unamuacha ajaribu tena bila kumuharakisha, na wenye haumukatizi kila saa kwa matangazo ya biashara. Ukae karibu naye, na ukiisha, umutume akatafute nje kile alichoona kwenye kioo.

Na kama mega zimekwisha ao telefone haina moto, kazi haisimami. Maharagi ya rangi mbili yanatosha kufundisha kuhesabu na kupanga. Vifuniko vya chupa vinatosha kufundisha kikubwa na kidogo. Vipande vya kartoni na kalamu vinatosha kwa picha na majina ya vitu vya nyumbani. Decroly mwenyewe alianza na vitu vya namna hiyo, na kwake mchezo haukuwa wa kumunyamazisha mtoto ili mukubwa apumzike. Ulikuwa kazi ya mtoto.