Griffin na Somo la Kutumikia

Katika lugha yetu kitenzi 'tuma' kimezaa watoto wengi. Wawili kati yao ni kutumikia, yaani kumfanyia mwenzako kazi kwa hiari, na kutumiwa, yaani kufanywa chombo cha mwingine. Katika darasa la mofolojia tofauti hiyo ni ya viambishi viwili vitatu tu. Nje ya darasa ni jambo zito, na ninapotaka kulieleza humtaja Geoffrey William Griffin.

Alizaliwa Eldoret mwaka 1933, mwana wa afisa wa polisi wa kikoloni, akasomea Nairobi katika Shule ya Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School. Wakati wa Hali ya Hatari alikuwa afisa katika jeshi la King's African Rifles. Muda wake ulipokwisha alikataa kuendelea na ujeshi, akageukia vijana waliozuiliwa kwa kushukiwa kuwa wafuasi wa Mau Mau, kwanza Manyani, kisha Wamumu. Sina haja ya kumpamba. Kambi zile zilikuwa sehemu ya mfumo dhalimu, naye alikuwa mmoja wa wafanyakazi wake. Lakini huko ndiko alikong'amua kuwa kijana aliyehesabiwa kuwa hatari hubadilika anapokabidhiwa jukumu la kweli.

Mwaka 1959, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alianzisha Starehe katika vibanda viwili vya mabati jijini Nairobi. Gikubu mwenyewe aliwahi kuzuiliwa kambini angali mvulana. Wanafunzi wa kwanza walikuwa watoto wa mitaani, wengi wao mayatima wa vita. Jina la shule hiyo, kwa maana yake ya kawaida, linaashiria raha na mapumziko, ilhali waliosoma huko hawakumbuki mapumziko mengi! Wanachokumbuka ni baraza la kila wiki, ambapo mvulana yeyote, hata wa kidato cha kwanza, angeweza kusimama na kumhoji mkurugenzi mbele ya wenzake wote.

Wanakumbuka pia huduma ya kujitolea. Wavulana walitumwa hospitalini, katika afisi za umma na katika shule zilizopungukiwa na walimu, wakahudumu bila mshahara. Wengi wao walikuwa wakisoma bila kulipa karo, kwa ufadhili wa watu wasiowajua. Griffin hakutaka wajione waombaji. Anayepokea naye ana cha kutoa, na kwa kutoa hujifunza yale ambayo kitabu hakiyafundishi: kupanga faili, kumsikiliza mgonjwa, kusimama mbele ya darasa la watoto arubaini.

Kuanzia mwaka 1964 hadi 1988, minghairi ya kuiacha Starehe, aliliongoza Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa. Vijana walijenga barabara na mabwawa, kisha wakafunzwa ufundi. Utaratibu huo, yaani kazi kwanza na mafunzo yanayoandamana nayo, ndio uliowafanya watumikie badala ya kutumiwa. Serikali ilipoamua mwaka 1984 kwamba kila aliyekubaliwa chuo kikuu apitie huko kwanza, mpango huo haukudumu hata miaka kumi. Naamini sababu mojawapo ni kuwa wengi waliuona kuwa amri, si elimu. Na kashfa za fedha za 2015 na 2018 zimewafanya wananchi walisikie jina la shirika hilo na kukumbuka wizi tu.

Griffin alifariki Juni 2005, miezi michache baada ya kufunguliwa kwa Starehe ya wasichana.

Mtaala wa Umilisi sasa umeyaingiza Mafunzo ya Huduma kwa Jamii katika masomo ya shule za upili za ngazi ya juu. Wapo wazazi wanaonung'unika kwamba watoto wao watafagizwa masoko. Nung'uniko hilo lina haki yake: mwanafunzi anayepewa ufagio bila kuulizwa kwa nini soko ni chafu, na nani alipaswa kulizoa, ametumiwa. Ili atumikie anahitaji mwalimu mwenye saa za kumwandaa na kumsikiliza akirejea, nauli ya kumfikisha zahanati, bima iwapo ataumia, na afisa wa kaunti aliye tayari kumpokea. Hayo yote ni gharama. Starehe iliyabeba kwa wafadhili na kwa ukaidi wa mtu mmoja, lakini shule ya kutwa huko Tana River au Busia haina wafadhili hao. Kwa hivyo nasema fedha za umma zitengwe kwa ajili hii, zionekane katika bajeti kwa jina lake, na bodi za shule zitoe hesabu kwa wazazi kila muhula. Nanyi wanafunzi, mkipelekwa mahali, rudini na maswali, kisha itisheni baraza mwaulize walimu wenu.