Mtakatifu Aloisi Gonzaga

Zamani, katika inchi ya Italia, mji wa Castiglione ulitawaliwa na Bwana Ferrante Gonzaga. Alikuwa mtu tajiri na mkubwa wa vita. Tarehe 9 Machi 1568, mke wake, Bibi Marta, alizaa mtoto wao wa kwanza. Mtoto akaitwa Aloisi. Baba alifurahi sana, maana alifikiri kwamba mtoto huyu atarithi utawala wake na kuwaongoza askari kama yeye.

Aloisi alipopata miaka kama mitano, baba alimpeleka kambini. Siku moja, wakati wa mchana, askari walikuwa wamelala. Aloisi akaiba baruti yao, akaitia katika mzinga mdogo, akaupiga. Mzinga ukarudi nyuma kwa nguvu, karibu ungemwua. Kule kambini alijifunza pia maneno mabaya ya askari, akayasema bila kujua maana yake. Mwalimu wake akamwonya. Aloisi akaona haya, wala hakuyasema tena. Alijutia makosa hayo siku zote za maisha yake.

Mwaka 1580 Kardinali Karolo Borromeo alimpa Komunyo ya kwanza. Tangu siku ile Aloisi alizidi kupenda sala.

Baadaye wazazi wake walikwenda naye Hispania, kwenye nyumba ya mfalme Filipo wa Pili. Aloisi akawekwa kumtumikia Diego, mwana wa mfalme. Diego alikuwa mtoto mdogo, lakini siku moja angetawala inchi nyingi. Alikuwa na watumishi, nguo za hariri na waganga hodari. Lakini mwezi wa Novemba 1582 Diego alishikwa na ugonjwa, akafa. Alikuwa na miaka 7 tu. Mali yote ya baba yake haikuweza kumwongezea hata siku moja.

Aloisi alijua sana kwamba ukubwa wa dunia unapita kama moshi. Kila alipotaka kufanya jambo, alijiuliza kama litamfaa kwa uzima wa milele. Akaamua kuacha utawala na kuingia katika shirika la Wajezuiti.

Baba yake aliposikia hayo alikasirika mno. Alimkataza, akamtisha, akamtuma huku na huku katika miji ya wakubwa ili asahau shauri lake. Aloisi hakumtukana baba yake wala hakutoroka. Alimheshimu, akasali, akangoja. Mwishowe baba akashindwa, akakubali kwa machozi. Tarehe 2 Novemba 1585, katika mji wa Mantua, Aloisi alitia sahihi yake katika barua ya kumwachia ndugu yake Rodolfo urithi wote. Alikuwa na miaka 17.

Mwezi ule ule aliingia shirikani, katika mji wa Roma. Yeye aliyekuwa na watumishi wengi akafagia nyumba na kufanya kazi jikoni. Tangu zamani watu husimulia habari moja juu yake. Siku moja, saa ya mchezo, vijana waliulizana watafanya nini wakiambiwa kwamba watakufa baada ya saa moja. Mmoja alisema atakimbilia kanisani, mwingine atatafuta padri wa kumwungamisha. Aloisi alisema ataendelea kucheza. Saa ile ilikuwa saa ya mchezo, na anayefanya lile Mungu analotaka sasa yuko tayari kufa.

Mwaka 1591 njaa na ugonjwa wa kuambukiza viliwapata watu wa Roma. Wengi walikufa. Aloisi alizunguka mjini akiomba sadaka kwa ajili ya wagonjwa. Kisha akaomba ruhusa ya kuwatunza. Mwanzoni alichukizwa na harufu ya vidonda vyao, lakini alijishinda. Aliwaosha, akawalisha, akawafundisha kusali. Mgonjwa aliyelala njiani alimbeba mwenyewe mpaka hospitali. Alijua vema kwamba ugonjwa ule waweza kumshika.

Mwezi wa Machi ugonjwa ukamshika kweli. Alilala kitandani zaidi ya miezi mitatu. Alimwandikia mama yake barua, akamwomba asimlilie kama mtu aliyepotea, maana anakwenda kwa Mungu, na huko wataonana tena. Padri Roberto Bellarmino, aliyemwongoza katika mambo ya roho, alikuwa karibu naye. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Juni 1591, Aloisi alikufa. Alikuwa na miaka 23.

Mwaka 1605 Aloisi aliitwa Mwenye Heri. Mwaka 1726 Papa Benedikto wa 13 alimtangaza kuwa Mtakatifu. Kisha akawekwa awe msimamizi wa vijana wanafunzi. Sikukuu yake ni tarehe 21 Juni.

Mtoto Mkristu hawezi kujua siku ya kufa kwake. Lakini aweza kujua kazi yake ya leo: kusali, kusoma, kutii, kucheza bila ugomvi, kumsaidia mgonjwa wa jirani. Akiifanya vema kwa kumpenda Mungu, hana haja ya kuogopa saa ile.