Tom Longboat na Lawama ya Uvivu

Wapenzi wa riadha humu nchini wangali wanaikumbuka Aprili ya 1988, Ibrahim Hussein alipokuwa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya Boston. Ni wachache mno wajuao kwamba miaka 81 kabla ya hapo mashindano hayo hayo yalitwaliwa na kijana wa jamii iliyonyang'anywa ardhi yake, kisha ikadharauliwa. Jina lake ni Tom Longboat, na habari zake zafaa kusomwa na kila mwalimu anayewanoa wakimbiaji shuleni.

Alizaliwa miaka ya 1880 katika eneo la Mataifa Sita, kando ya Mto Grand, mkoani Ontario nchini Kanada. Alikuwa Mwonondaga, mmoja wa wenyeji wa asili ambao mababu zao walicheza lakrosi, mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu, karne nyingi kabla ya walowezi kuutungia kanuni na kuufanya wao. Mnamo 1880 wenyeji hao walifungiwa nje ya mashindano ya ubingwa wa mchezo wao wenyewe, kwa hoja kwamba waliucheza kwa malipo. Hoja hiyo na tuiweke akilini.

Babake alifariki Tom akiwa angali mdogo. Alipelekwa katika shule ya bweni ya Mohawk Institute, ambako watoto walikatazwa lugha yao na desturi zao. Akatoroka. Alikamatwa na kuadhibiwa, akatoroka tena, na safari hii hakurudishwa. Alipokwisha kuwa mashuhuri aliombwa akahutubie wanafunzi wa pale, akakataa katakata.

Mwaka 1906 alishinda mbio za kuizunguka ghuba ya Hamilton, ilhali watazamaji wengi hawakuwa wamewahi kulisikia jina lake. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Aprili 1907, alishinda Boston katika baridi kali kwa muda wa saa 2, dakika 24 na sekunde 24. Njia ya wakati huo ilikuwa fupi kuliko ya leo, lakini hata hivyo aliipunguza rekodi kwa takriban dakika tano. Huko njiani gari moshi la mizigo lilikatiza barabara likawazuia waliokuwa nyuma, naye alikuwa amekwisha kupita pamoja na waliotangulia. Jiji la Toronto lilimpokea kwa shangwe na kumwahidi dola 500 za masomo. Hakuzipata.

Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908 haikumwendea vyema. Joto lilikuwa jingi na hakumaliza mbio. Tayari wakuu wa riadha nchini Marekani walikuwa wamedai kwamba hakuwa mwanariadha wa ridhaa, yaani ile hoja ya lakrosi katika vazi jipya. Longboat akaingia waziwazi katika mbio za kulipwa. Desemba 1908, ukumbini Madison Square Garden, alimshinda Mwitalia Dorando Pietri. Februari 1909 alimpiku Mwingereza Alfie Shrubb, aliyemwacha mbali sana mwanzoni, kisha akaishiwa nguvu zikiwa zimesalia maili chache.

Wakati wote huo mameneja na waandishi wa magazeti walimwita mvivu. Kwa nini? Kwa sababu hakukubali kukimbia kwa kasi kila siku. Siku moja alijifua kwa bidii, siku ya pili alitembea tu mwendo mrefu ili mwili upumzike. Kocha yeyote wa Iten leo angelielewa hilo bila kuelezwa. Lakini mwenyeji wa asili aliyeujua mwili wake kuliko mwajiri wake alihesabiwa mkaidi. Mwaka 1909 mkataba wake uliuzwa kwa dola 2,000, mithili ya farasi. Hatimaye aliununua yeye mwenyewe, akajisimamia, na akaendelea kushinda. Ilibidi kungoja hadi 1980, Bruce Kidd, naye mwanariadha, alipoandika kitabu cha kumsafisha.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza alipeleka barua za jeshi kwa miguu huko Ufaransa. Uvumi ulifika nyumbani kwamba ameuawa, na mkewe akaolewa na mwingine. Longboat alirejea, akaoa tena, akapata watoto wanne. Baadaye aliajiriwa na jiji la Toronto kufagia barabara, na magazeti yakamsikitikia kama mtu aliyeanguka. Mimi siioni fedheha hapo: ulikuwa mshahara wa hakika katika miaka ambayo maelfu hawakuwa na kazi.

Alifariki tarehe 9 Januari 1949 katika ardhi ya kwao. Tangu 1951 Kanada hutoa tuzo yenye jina lake kwa wanamichezo wa jamii za asili, na miongoni mwa waliotuzwa wamo wachezaji wa lakrosi. Huko Toronto nayo ipo shule ya msingi iliyopewa jina la mtoto yule aliyetoroka shule mara mbili.