Archibald McIndoe

Sir Archibald Hector McIndoe (Dunedin, Nyuzilandi, 4 Mei 1900 – London, Uingereza, 11 Aprili 1960) alikuwa daktari mpasuaji aliyejulikana wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa kuwatibu marubani walioungua uso na mikono, hasa kwa kuwatengenezea kope mpya za macho. Katika Afrika Mashariki anakumbukwa kama mmoja wa waanzilishi watatu wa huduma ya madaktari wa ndege, ambayo baadaye ilikuwa shirika la Amref. Shirika hilo limefanya kazi muhimu mkoani Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria.

Maisha ya awali

McIndoe alizaliwa katika familia ya mpiga chapa John McIndoe na mchoraji Mabel Hill. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Otago, halafu mwaka 1924 akapata ufadhili wa kwenda Mayo Clinic nchini Marekani. Mwaka huohuo alimwoa Adonia Aitken, lakini kwa kuwa ufadhili ulikuwa wa daktari asiye na mke, ndoa hiyo ilifichwa kwa muda.

Alihamia London majira ya baridi ya 1930–1931 bila kuwa na kazi. Aliyemsaidia ni ndugu yake wa ukoo, Sir Harold Gillies, ambaye alikuwa amewatibu askari waliojeruhiwa uso katika Vita Kuu ya Kwanza. Kwake McIndoe alijifunza upasuaji wa kurekebisha maumbile. Tangu mwaka 1932 alikuwa pia mpasuaji na mhadhiri katika Hospitali ya Magonjwa ya Tropiki na Chuo cha Afya na Tiba ya Tropiki cha London. Mwaka 1938 aliteuliwa kuwa mshauri wa Jeshi la Anga la Uingereza. Vita vilipoanza mwaka 1939, Uingereza nzima ilikuwa na wapasuaji wanne tu waliofanya kazi ya aina hiyo peke yake, naye alikuwa mmojawao.

East Grinstead na majeraha ya moto

Mwaka 1939 McIndoe alianzisha kituo chake katika Hospitali ya Queen Victoria, mji mdogo wa East Grinstead, kusini mwa London. Ndege za kivita za wakati huo zilikuwa na tangi la petroli mbele ya rubani. Tangi likipigwa risasi, moto ulimfikia usoni na mikononi kwa sekunde chache.

Tiba ya kawaida ilikuwa kupaka asidi ya taniki juu ya jeraha. Dawa hiyo ilifanya gamba gumu ambalo lilipokauka lilivuta ngozi, likakunja vidole na kugeuza kope nje. McIndoe aliona kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri zaidi kuliko walioangukia nchi kavu. Akaiacha asidi ya taniki na kuwalaza wagonjwa katika mabafu ya maji ya chumvi yenye joto la kadiri, ili jeraha lisafishike na kulainika kabla ya upasuaji.

Upasuaji wa kope

Kope hulilinda jicho na kulilowesha kila mtu anapopepesa. Asiye na kope hawezi kufumba macho hata akiwa usingizini. Sehemu angavu ya mbele ya jicho (konea) hukauka, hupata vidonda, na mtu anaweza kuwa kipofu ingawa moto wenyewe haukuligusa jicho. Kwa sababu hiyo McIndoe alitengeneza kope kwanza. Pua na midomo vilisubiri.

Kovu lililokuwa likivuta kope lilikatwa na kuachiwa. Kisha kipande cha ngozi nyembamba isiyo na nywele kilichukuliwa, mara nyingi upande wa ndani wa mkono juu ya kiwiko. Kipande hicho kilikatwa kikubwa kuliko pengo, kwa kuwa ngozi iliyopandikizwa hunywea inapopona. Kilishonwa na kukandamizwa vizuri mahali pake, kwa sababu kikitikisika au kikikusanya damu chini yake hakishiki.

Baada ya hapo mgonjwa alikaa siku kadhaa macho yote yamefungwa bandeji, akilishwa na kuongozwa na wauguzi. Bandeji ilipofunguliwa, kope mpya zilionekana nene na zenye kuning'inia, halafu zikapungua polepole. Kope za juu na za chini zilifanywa kwa awamu, na mgonjwa alipumzishwa kati ya upasuaji mmoja na mwingine. Mmoja wa waliotibiwa hivyo alikuwa Richard Hillary, rubani aliyeangushwa tarehe 3 Septemba 1940, ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu maisha yake.

Kupona nje ya chumba cha upasuaji

Matibabu yalichukua miaka, na McIndoe aliona kwamba uso uliotengenezwa haumfai mtu anayeogopa kutoka nje. Katika Wodi ya III maofisa na askari wa kawaida walilala pamoja. Hawakulazimishwa kuvaa sare ya wagonjwa. Walivaa nguo zao na kwenda mjini walipotaka. Aliwaomba wenyeji wawakaribishe majumbani mwao na wasiwakodolee macho, nao wakakubali. Pia alipinga kanuni ya kumwondoa jeshini mtu aliyekuwa mgonjwa kwa siku 90.

Mwaka 1941 wagonjwa 39 waliunda chama chao, Guinea Pig Club, kwa jina la mnyama mdogo anayetumiwa katika majaribio ya maabara. Hadi mwisho wa vita kilikuwa na wanachama 649. Baadhi yao walirudi kurusha ndege. McIndoe alipewa cheo cha Sir mwaka 1947.

Tanganyika na madaktari wa ndege

Baada ya vita McIndoe alinunua shamba Tanganyika, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Hapo alikutana na wapasuaji wawili waliowahi kujifunza kwake: Michael Wood, aliyefanya kazi Kenya, na Tom Rees kutoka Marekani. Watatu hao walijua kwamba mgonjwa wa kijijini mwenye makovu ya moto, mdomo uliopasuka tangu kuzaliwa au ulemavu wa ukoma hakuwa na njia ya kumfikia mpasuaji. Ukoma nao unaweza kuharibu neva zinazofunga kope, na hatari kwa jicho ni ileile iliyowapata marubani. Waliamua kumpeleka mpasuaji kwa mgonjwa kwa ndege ndogo, na huduma hiyo ilianzishwa mwaka 1957 ikiwa na makao yake Nairobi. Wood ndiye aliyeiongoza kwa miaka mingi.

Shirika lilipokua liliongeza mafunzo na utafiti. Mkoani Mwanza, kati ya 1991 na 1994, Amref ilishirikiana na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na chuo kilekile cha London alikowahi kufundisha McIndoe. Utafiti huo ulihusisha jamii 12. Zile ambazo vituo vyake vya afya na zahanati viliboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa zilikuwa na maambukizi mapya ya VVU pungufu kwa takriban asilimia 40. Matokeo hayo yalijulikana duniani kote.

Kifo na kumbukumbu

McIndoe alifariki usingizini London tarehe 11 Aprili 1960. Majivu yake yamehifadhiwa katika kanisa la Jeshi la Anga la St Clement Danes, heshima ambayo kwa kawaida haikutolewa kwa raia. Mwaka 2014 sanamu yake ilizinduliwa East Grinstead, ikimwonyesha akiwa amesimama nyuma ya rubani aliyeungua na mikono yake juu ya mabega ya mgonjwa huyo. Mchongaji wake, Martin Jennings, ni mtoto wa mwanajeshi aliyetibiwa na McIndoe.