Abushiri bin Salim na Bahari Iliyofungwa

Sisi tuliolelewa kati ya Kitale na Bungoma aghalabu huianza historia ya upinzani kwa Wabukusu na boma la Chetambe, mwaka wa 1895. Miaka saba kabla ya hapo, Pangani ilikuwa imekwisha kuwaka, na jina la Abushiri bin Salim al-Harthi likivuma Mrima nzima.

Abushiri alimiliki mashamba ya miwa karibu na Pangani, yaliyolimwa na watumwa. Aidha, alikuwa na uhasama wa siku nyingi na masultani wa Unguja. Basi Sultani Khalifa alipoikodisha Mrima kwa kampuni ya Kijerumani mnamo Aprili 1888, Abushiri hakuona sababu ya kutii. Agosti, maofisa wa kampuni walitweka bendera yao Pangani. Kufikia mwisho wa Septemba walikuwa wamefurushwa karibu kila mji, ila Bagamoyo na Dar es Salaam.

Nchi kavu Wajerumani hawakuwa na askari wa kutosha. Walichokuwa nacho ni manowari. Tarehe 2 Desemba 1888, wao na Waingereza waliifunga bahari. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kukomesha usafirishaji wa watumwa. Naam, watumwa walikuwapo, na Abushiri mwenyewe hawezi kutakaswa katika hilo. Lakini amri hiyo hiyo ilizuia silaha na baruti zisiingie, na hapa, kwa maoni yangu, ndipo palipokuwa na kiini cha jambo. Majahazi yalisimamishwa na kupekuliwa. Biashara ya misafara ikadorora, hata wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, wasiokuwa na ugomvi na mtu, wakaumia.

Hata hivyo, manowari haipenyi kwenye mikoko wala haipandi mlima. Ilibidi Hermann Wissmann aletwe na askari wa Kisudani walioandikishwa Misri, pamoja na wengine kutoka Msumbiji, naye akaivunja kambi ya Abushiri karibu na Bagamoyo tarehe 8 Mei 1889. Abushiri akakimbilia bara, akakishambulia kituo cha Mpwapwa; Julai, Pangani nayo ikatekwa. Kisha akawashawishi Wambunga wapigane upande wake, wakashindwa.

Bahari ilifunguliwa Oktoba 1889. Abushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba.

Vita hivi ndivyo alivyovitungia utenzi Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Wengi wetu tumehesabu mizani na vina vyake bila kufungua ramani ya pwani. Bwana Heri wa Saadani aliendelea kupigana hadi 1890.